Maji Yatokee Wapi? Maneno kwa Mafundi wa Chuma wa Molo

Hotuba kwa mafundi wa jua kali na wanafunzi wa ufundi, Molo, kaunti ya Nakuru

Bwana mwenyekiti, mama mweka hazina, wazee wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma karibu na mlango: hamjambo? Njooni mbele, tafadhali. Kitu nilichobeba leo hakionekani ukiwa mbali.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Mzee, huku kwetu fensi hazidumu. Baridi inakula chuma." Nilimwambia nitakuja, ila nitakuja kuitetea baridi. Baridi haina meno. Kutu inataka maji na hewa vikutane juu ya chuma, basi. Hapa Molo tuko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na kazi inayofanywa na baridi yetu ni kuyazuia maji yasikauke. Geti la Nakuru mjini likinyeshewa jioni, kesho yake saa nne asubuhi ni kavu. Geti la hapa mwezi wa Julai linaamka na umande, linapigwa na ukungu, mchana linapata manyunyu, na kabla halijakauka umande mwingine umeshuka. Wanaopima uchakavu wa chuma duniani huhesabu saa za unyevu: zile saa ambazo unyevu wa hewa umepita asilimia 80 na joto liko juu ya sifuri. Sikilizeni hilo la pili vizuri. Juu ya sifuri. Maji yakiganda kabisa, kutu nayo hupunguza kasi.

Binti yangu yuko Edmonton, Kanada, na anafanya kazi hii hii yetu ya fensi na mageti. Kwao majira ya baridi kipimo kinashuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Ungedhani chuma chao kinateseka kuliko chetu. Wana taabu zao, nitazifikia, lakini kwa miezi kadhaa ya mwaka maji yao ni barafu, na barafu haina haraka ya kutia kutu. Yetu ni maji ya kweli, Januari hadi Desemba. Kwa hiyo fundi wa Molo ana kazi ngumu kuliko anavyodhani, na swali lake la kwanza kabla hajashika grainda ni hili: maji yakiingia hapa, yatokee wapi?

Sasa tazameni. Hii ni nguzo tuliyoing'oa kwenye fensi moja huko Mau Summit. Bomba la mraba la inchi 2, ukuta wake milimita 1.5, bomba ambalo sote tunalinunua kwa sababu ni jepesi na bei yake inavumilika. Tumelipasua kwa urefu. Upande wa nje rangi nyeusi bado inang'aa, na hata mapambo ya dhahabu juu yapo. Mwenye boma aliamini fensi yake ni nzima mpaka ng'ombe alipoiegemea. Pitisheni mkono kwa ndani. Kuanzia juu mpaka hapa katikati ni kutu nyepesi ya kahawia. Halafu mnaona huu mstari? Hapo ndipo maji yalipokuwa yanasimama. Chini ya mstari kuna tope jeusi, na kiganja kimoja juu ya simiti ukuta umebaki kama ganda la yai. Sukuma kwa kidole. Umeona? Kimepita.

Maji yaliingiaje? Geuzeni kofia ya juu. Fundi aliigusisha kwa weldi pembe nne, kisha akaziba nafasi iliyobaki kwa fila, ile pasta ya kuzibia mashimo, akapiga rangi. Ikapendeza. Fila ikapasuka baada ya misimu michache, kila mvua ikawa inadondosha maji ndani, na chini kulikuwa na simiti iliyoziba kabisa. Tena hata bila ufa, bomba lililozibwa nusunusu linavuta hewa ya mchana, usiku hewa hiyo inapoa na kutoa jasho ndani. Maji yana mlango wa kuingilia, hayana wa kutokea. Na kutu ikishazaliwa inachukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, ndiyo maana unaona bomba limevimba na kiungo kimefunguka chenyewe.

Binti yangu alinitumia picha za nguzo kama hii zilizopasuka kutoka juu hadi chini, mpasuko umenyooka utadhani umekatwa na mashine. Kule maji yaliyonaswa ndani yanaganda, na maji yakiganda huongezeka kwa karibu asilimia 9. Bomba la milimita 1.5 haliwezi kushindana na hilo. Kwao usiku mmoja unatosha. Kwetu inachukua miaka, lakini ugonjwa ni ule ule.

Dawa iko ya aina mbili, na usichanganye. Ama unaziba bomba lote, weldi ya kuzunguka kofia yote bila kuacha tundu hata la sindano, ama unakubali kwamba maji yataingia na unayatengenezea njia. Mimi siku hizi natengeneza njia. Nikishasimamisha nguzo, namimina konkriti ndani ya bomba lenyewe mpaka ipite usawa wa ardhi kwa vidole vinne hivi, uso wake nauinamisha upande mmoja, na pale chini ya mwinamo natoboa tundu la milimita 8. Maji yakiingia yanateleza na kutoka. Tundu ni dogo, nalipiga rangi ndani kwa kijiti, na linaangalia upande usioonekana kutoka barabarani. Wateja wengine hulalamika kwamba nimewatobolea fensi mpya. Nawaonyesha hiki kipande.

Na ikiwa mteja hataki urembo mwingi, ningependa mrudi kwenye chuma cha pembe, milimita 50 kwa 50, unene wa milimita 5. Najua sura yake ni ya kishamba kidogo. Lakini hakina tumbo la kufichia maji, na brashi inafika kila upande.

Watu huniuliza mbona mageti ya zamani ya mashamba ya wazungu, huko Njoro na kwingineko, bado yanafunguka. Wanasema chuma cha siku hizi ni cha bandia. Kuna ukweli kidogo. Chuma cha kufua cha zamani kilikuwa na kaboni chache sana, chini ya asilimia 0.1, na ndani yake kulikuwa na nyuzinyuzi za takataka za tanuri ambazo hupunguza mwendo wa kutu. Njia ya kukitengeneza kwa wingi ilianzishwa Uingereza na Henry Cort mwaka 1784, na viwanda vya huko viliacha kukizalisha kibiashara miaka ya 1970. Nasi tusijidharau: wahunzi wa Samia, huko Busia, walikuwa wakiyeyusha mawe ya milima yao na kufua majembe muda mrefu kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Lakini hiyo hadithi ya chuma kitakatifu isiwapumbaze. Pima nondo la geti la zamani. Utakuta ni chuma kitupu cha milimita 20. Kikipoteza milimita moja kwa kutu, zimebaki 19 na hakuna anayejua. Bomba lako la milimita 1.5 likipoteza milimita moja, mwite mteja umpe pole. Unene ndio siri yao, zaidi ya kitu kingine.

Twende kwenye mguu wa nguzo, kwa sababu fensi nyingi hufia hapo.

Kanada, kwenye baridi kali, mashimo ya nguzo mara nyingi huchimbwa mita 1.2 na zaidi kwenda chini, kulingana na mahali. Si ushamba wala anasa. Ardhi yao inaganda kutoka juu, maji ya chini yanavutwa kwenda kwenye sehemu iliyoganda, yanatengeneza tabaka za barafu, na tabaka hizo zinainua chochote kilichoshikwa. Nguzo fupi hupanda kidogo kila mwaka, na majira ya joto hairudi mahali pake. Ndiyo maana wanachimba kupita kina cha mgando. Hapa Molo sakitu, yaani umande ulioganda, ikishuka inapaka nyasi weupe asubuhi, saa tatu imeyeyuka, udongo wa chini haujui lolote. Kwa hiyo usimchaji mteja wa Elburgon shimo la mita moja na nusu kwa sababu uliona video ya Wakanada. Fensi ya kimo cha mita moja na nusu, sentimita 60 zinatosha kwa nguzo za kawaida, na 90 kwa za pembeni na za geti, kwa sababu zenyewe zinavutwa kila siku.

Lakini kuna baadhi yenu mnapata kazi chini huko, Ahero, tambarare za Kano karibu na Kisumu. Udongo mweusi wa kule ndio barafu yetu. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na nguzo inapandishwa na kushushwa mpaka geti halifungi. Kule chimba kupita huo udongo mweusi ukiweza, panua shimo chini kuliko juu, na kuta za shimo ziwe laini ili udongo usipate pa kushikia. Shimo lililo pana juu na jembamba chini, yaani lile linalochimbwa na kibarua aliyechoka, ndilo udongo unalolinyanyua kwa urahisi.

Juu ya simiti sasa. Naomba hili mlishike hata mkisahau mengine. Simiti ikiishia sawa na ardhi au chini yake, umetengeneza bakuli kuzunguka nguzo. Ipandishe sentimita 5 juu ya udongo, ilainishe kwa mwiko iteremke pande zote kutoka kwenye chuma. Ikishakauka, angalia pale simiti inapokutana na chuma. Simiti hunywea kidogo na kuacha ufa mwembamba wa unywele. Ziba ufa huo kwa silikoni ya nje au lami laini. Wengi wenu hamfanyi hivyo, na nimepita barabarani nikaona, kwa hiyo msinitazame hivyo.

Kutanuka nitasema kwa kifupi. Chuma cha mita 10 hurefuka kama milimita 1.2 kwa kila nyuzi 10 za joto. Usiku wa Molo na jua la saa nane juu ya rangi nyeusi vinaweza kuachana nyuzi 35, hiyo ni zaidi ya milimita 4. Edmonton, ukipima kutoka majira ya baridi hadi ya joto, ni mara mbili na zaidi. Usibane fensi ndefu ukuta kwa ukuta. Acha nafasi, na geti lako liachie kitasa mwanya wa milimita chache, la sivyo litafunga asubuhi na kukataa mchana.

Rangi. Hapa nitakaa kidogo.

Nikipita jua kali asubuhi naona geti limekamilika jana usiku, saa moja na nusu fundi tayari ameshika brashi ili mteja alichukue saa sita. Chuma wakati huo kina baridi kuliko hewa. Umande umekaa juu yake, mwembamba, huuoni. Unapaka rangi juu ya maji. Kanuni ya wapaka rangi ni kwamba chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 kupita lile ambalo umande unaanza kutunga, na unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 85. Huna vipimo? Chukua kitambaa kibichi, futa sehemu ndogo ya chuma, angalia saa. Ule ubichi ukikauka ndani ya dakika 15, paka. Usipokauka, kanywe chai. Kwa hapa Molo, mimi naanza saa nne na kuweka brashi chini saa tisa, ili rangi ishike kabla ya umande wa jioni. Siku fupi, ndiyo. Mpangie mteja siku mbili.

Kabla ya rangi, yale magamba ya rangi ya samawati nyeusi yanayotoka na chuma kiwandani. Yanaonekana safi na magumu, na vijana wanapenda kupaka juu yake kwa sababu ni laini. Magamba hayo hupasuka baadaye na kuondoka na rangi yako. Yaondoe kwa grainda yenye diski ya msasa, kisha futa kwa thina safi. Si petroli. Petroli inaacha mafuta, na karibu na mtu anayechomelea ni balaa tupu. Weldi gonga mpaka gamba la elektrodi litoke lote, kwa sababu hilo gamba linavuta unyevu.

Kingo kali ni adui mwingine. Rangi ikikauka hujivuta kutoka kwenye ukingo mkali na kuacha tabaka jembamba sana. Ndiyo maana kutu ya kwanza huonekana kwenye ncha na kingo. Zungushia grainda kingo zote zipoteze ukali. Halafu kabla hujapaka geti zima, pitisha brashi ya redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kwenye kingo, weldi na viungo peke yake. Acha ikauke. Ndipo upake zima. Viungo vitapata mara mbili, na ndivyo vinavyostahili. Bunduki ya rangi ina haraka, lakini haiingii kwenye pembe za maua na mikunjo. Anza na brashi, malizia na bunduki.

Wengine mnatumia bomba lenye zinki tayari, na ni jambo zuri. Zingatieni mambo mawili. Rangi ya mafuta ikiwekwa moja kwa moja juu ya zinki, mafuta yake na zinki hutengeneza kitu cha jamii ya sabuni katikati, na rangi inabanduka vipande vipande. Tafuta praima, yaani rangi ya kwanza, inayokubali zinki, muuzaji atakuambia ukimwuliza. La pili, ukichomelea zinki, ule moshi mweupe unaleta homa ya usiku, kutetemeka na kiu. Hapa tumeambiana tangu zamani tunywe maziwa kwanza. Maziwa ni matamu, nayapenda, lakini yanaingia tumboni na moshi unaingia mapafuni. Saga zinki uitoe pale unapochomelea, simama upande unakotoka upepo, na ukimaliza rudishia rangi yenye zinki pale ulipoitoa.

Na wale wanaopeleka kazi nzima kuzamishwa kwenye zinki moto: tangi lile lina joto la kama nyuzi 450. Bomba lililozibwa pande zote likiwa na unyevu ndani linaweza kulipuka humo. Wenye tangi watalikataa bila matundu. Kwa hiyo hata huko unaulizwa swali lile lile.

Utunzaji ni mwepesi, kwa hiyo hakuna anayeufanya. Februari, kabla ya mvua za masika, mwambie mteja aoshe fensi kwa maji na sabuni, aondoe udongo na nyasi zilizopanda juu ya simiti, azibue matundu kwa msumari. Doa la kutu la ukubwa wa sarafu likikwanguliwa mpaka chuma king'ae na kupakwa siku hiyo, limekwisha. Bawaba zipate grisi. Kaiyaba na krismasi, hizo miti ya ua, zisilale juu ya chuma; majani yanashika maji siku nzima. Kule kwa binti yangu shida ni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kila inapofika majira ya kuchipua lazima waoshe fensi zote za mbele. Hilo tumshukuru Mungu hatuna.

Nimeambiwa kuna maswali. Huyu dada wa aproni ya buluu anasema mteja atakimbilia fundi wa jirani, mwenye bei ya chini. Atakimbia, wengine. Mimi naandika risiti mbili: moja ya kazi na nyingine ya kurudi mara moja kila Februari kwa bei ndogo, na anayekubali ya pili simpotezi tena. Watoto wake wakijenga wananitafuta. Sijui njia nyingine ya kushindana na fila.

Mzee pale anauliza kuhusu nyigu kuziba tundu kwa udongo. Swali la mtu mwenye uzoefu. Wanaziba kweli. Toboa mawili, pande mbili zinazotazamana, na ule msumari wa Februari ufanye kazi.

Na la mwisho, la mwenyekiti: fensi ambazo zimeshasimama, tuzifanyeje? Kesho chukueni drili na biti ya milimita 8, mtoboe kila nguzo pale juu kidogo ya simiti. Kama ukuta umekwisha, biti itazama bila kusukumwa na utajua ya kubadilisha. Kama bado kuna chuma, weka rangi kwenye kingo za tundu na uendelee na ijayo. Simama kando unapotoboa, usichuchumae mbele yake, kwa sababu baadhi zimejaa mpaka juu na maji yanatoka kwa nguvu, meusi, na doa lake halitoki kwenye shati. Na kama nguzo iko karibu na veranda ya mteja, tandaza gunia kwanza.